Kabla ya Kalkulasi: Nini Hasa Kinachotarajiwa kwa Mwanafunzi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hugaiwa karatasi ya muhtasari wa somo, na karatasi ya somo langu, hisabati ya kabla ya kalkulasi, ni miongoni mwa zile zinazokunjwa mapema, zikatiwa ndani ya daftari na zisionekane tena. Siwalaumu. Imeandikwa kwa lugha isiyomsemesha mtu: mwanafunzi aweze kutaja, aweze kueleza, aweze kukokotoa na kuchora, kisha inafuata orodha ya mada, fanksheni, polinomiali, vipeo na logarithimu, trigonometria, mfuatano wa namba na jumla zake, mikato ya koni. Ninafundisha somo hili katika chuo kimoja hapa Unguja, na katika makala haya nakusudia kuiandika karatasi ile upya, kwa maneno ambayo mwanafunzi na hata mzazi wake wataelewa yanadai nini. Imani yangu ni kwamba chini ya orodha ile ndefu kuna lengo moja lenye uzito. Mwanafunzi akiingia katika kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, asikwame kwenye aljebra, na akiona fomula asione rundo la herufi, bali aone vitu viwili vinavyobadilika pamoja.

Jina la somo lenyewe kwetu si la zamani. Katika vyuo vya Marekani hisabati ya kabla ya kalkulasi ni somo la kawaida kabisa, na tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024 taasisi ya huko iitwayo College Board imeliingiza hata katika masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari, mtihani wake wa kwanza ukafanyika Mei 2024. Kwetu sisi mambo hayo yamo ndani ya Hisabati ya Juu ya kidato cha tano na cha sita, kwa hivyo kijana aliyechukua fizikia, kemia na hisabati, au uchumi, jiografia na hisabati, kwa kawaida keshayapitia. Darasa langu, hata hivyo, halijazwi na hao. Wamo waliosoma ile hisabati nyepesi inayosindikiza masomo mengine ya kidato cha sita, wamo waliopitia stashahada, na wamo walimu wa skuli waliorudi chuoni kujiendeleza baada ya miaka mingi ya kufundisha darasa la tano. Ukiwachukua watu hawa ukawaingiza moja kwa moja kwenye kalkulasi, wataanguka wengi, na wataanguka wakiamini kwamba kalkulasi ndiyo iliyowaangusha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba somo hili ni kionjo cha kalkulasi. Tulitazame swali moja ambalo mwalimu yeyote wa kalkulasi hulitoa mapema: tafuta mteremko wa mkunjo y = √x katika nukta yoyote. Njia ni kuchukua nukta mbili zilizo karibu, moja kwenye x na nyingine kwenye x + h, kutafuta tofauti ya urefu wake, kuigawa kwa h, halafu kuiacha h ipungue kuelekea sifuri. Tunaandika (√(x + h) − √x) ÷ h. Tukiiweka h kuwa sifuri papo hapo tunapata sifuri juu ya sifuri, ambayo haitupi kitu. Kwa hivyo tunazidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x. Juu kunakuwa na tofauti ya miraba miwili, yaani (x + h) − x, ambayo ni h tupu. Hiyo h inakatana na h iliyo chini, na kinachobaki ni 1 ÷ (√(x + h) + √x). Sasa, na ni sasa tu, tunaiacha h iende sifuri, na jibu ni 1 ÷ 2√x.

Hesabuni mistari. Kalkulasi imo katika mstari wa kwanza, tulipounda ile sehemu, na katika mstari wa mwisho, tulipoiacha h itoweke. Yote yaliyo katikati ni aljebra ya sekondari. Na mwanafunzi anayekwama hukwama katikati. Huandika kwamba √(x + h) ni √x + √h, akapata √h ÷ h, ambayo ni 1 ÷ √h, na kitu hicho hukua bila mpaka kadiri h inavyopungua. Anatazama jibu lake, anaona halina maana, anainua mikono na kusema kalkulasi ngumu. Laiti angejaribu kwa namba, akaweka 9 na 16, angeona kwamba kipeuo cha pili cha 25 ni 5, wakati 3 na 4 zinafanya 7, na mambo yangeishia hapo.

Kwa sababu hiyo tarajio langu la kwanza ni la kiunyenyekevu, na halimo katika orodha ya mada: aljebra iwe mkononi. Wiki ya kwanza hutoa zoezi lisilo na alama, karatasi na kalamu bila kikokotoo, lenye sehemu za aljebra, kutafuta vigawo, kukamilisha mraba, vipeo hasi na vipeo vya sehemu. Nia si kumwaibisha mtu. Nataka kila mmoja aone mwenyewe ni wapi mkono wake unateleza. Mara nyingi unateleza pale pale palipotelezwa miaka yote, kwenye kile ambacho vijana wetu hukiita kukata. Wanaona (x + 3) ÷ 3, wanaikata tatu kwa tatu, inabaki x. Weka x iwe 6: tisa gawa kwa tatu ni tatu, si sita. Kukata kunaruhusiwa pale namba inapokuwa imezidishwa na kila kilicho juu, na hapa haikuzidishwa, imejumlishwa.

La pili ni kuvuka. Wengi walifundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba kitu kikivuka alama ya sawasawa kinageuka, jumlisha huwa toa na toa huwa jumlisha. Kanuni hiyo imewafikisha walipofika, sikatai, lakini ni kanuni isiyo na sababu, na kitu kisicho na sababu husahaulika nusu. Mwanafunzi anaona 2x = 10, anaivusha mbili, anaandika x = 10 − 2. Ninachokitaka ni kwamba kwa kila mstari mpya mtu aweze kusema amefanya nini pande zote mbili: nimegawa kwa mbili, nimejumlisha tano, nimeinua kwa kipeo cha pili. Akiweza kusema hivyo, atajua pia kwa nini alama ya "kubwa kuliko" inageuka ukizidisha kwa namba hasi, na kwa nini baada ya kuinua pande zote kwa kipeo cha pili lazima arudi kuyapima majibu yake, maana huweza kuzaliwa jibu ambalo halikuwamo katika swali.

Baada ya aljebra linakuja wazo la fanksheni, ambalo ndilo uti wa mgongo wa muhula mzima. Ukiipa namba moja inakurudishia namba moja, basi. Kilicho kizito ni mazoea yanayofuatana nalo. Kabla ya kukokotoa chochote, mwanafunzi ajiulize ni namba zipi zinazoruhusiwa kuingia. Katika √(x − 2), kama tunabaki na namba halisi, hakuna kinachoingia chini ya 2. Katika 1 ÷ (x − 2), kila kitu kinaingia isipokuwa 2 yenyewe. Mkusanyiko huo wa namba zinazoruhusiwa tunauita domeni, na mwanafunzi anayeiona domeni kama mapambo ya kuandikwa mwishoni ili kupata alama moja atalipia baadaye. Ajue pia kuisoma grafu bila fomula, ajue kuzitia fanksheni moja ndani ya nyingine, na ajue lini fanksheni inaweza kurudishwa nyuma na lini haiwezi. Kuna jambo moja huwasumbua karibu wote: kwa nini y = f(x − 3) inaisogeza grafu kulia, ilhali tumetoa? Huwa sikubali jibu la "ndivyo ilivyo". Ili kilicho ndani ya mabano kiwe sawa na kilivyokuwa mwanzo, x lazima iwe imezidi kwa 3, kwa hivyo kila kilichokuwa kikitokea sasa kinatokea hatua tatu mbele, upande wa kulia.

Polinomiali, yaani jumla za vipeo vya x kama x² + 3x, na sehemu zinazoundwa kwa kugawa polinomiali moja kwa nyingine, nazipitia kwa haraka hapa. Ajue mkunjo unaelekea wapi x inapokuwa kubwa mno, unakata wapi mhimili, na pale ambapo asili, yaani kilicho chini ya sehemu, inakuwa sifuri grafu inafanya nini. Hayo yana mazoezi ya kutosha katika kitabu chochote.

Trigonometria ndiyo inayostahili kukaliwa. Wanafunzi wengi hufika na trigonometria ya pembetatu: pembe, ngazi iliyoegemea ukutani, urefu wa mnazi na kivuli chake. Hiyo ni sehemu ndogo. Katika kalkulasi saini na kosaini ni fanksheni za vitu vinavyokwenda na kurudi, na pembe hazipimwi kwa nyuzi bali kwa radiani, ambapo pembe ya radiani moja ni ile inayokata tao lenye urefu sawa na nusu kipenyo cha duara. Asiyezoea kubadili kipimo atabonyeza saini ya 30, kikokotoo kiko kwenye radiani, kitampa hasi 0.988, naye ataiandika hivyo hivyo, wakati pembetatu aliyoichora mwenyewe inamwambia kwamba jibu ni nusu.

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kutafuta mbali mfano wa kitu kinachokwenda na kurudi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa kwengine hupita wastani wa saa 12 na dakika 25, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko ya jana. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti baina ya maji makuu na maji kupwa hapa kwetu hufika karibu mita 4. Basi huwapa wanafunzi swali hili. Tuseme siku ya bamvua maji yanajaa hadi mita 4.1 na kupwa hadi mita 0.3. Andika fanksheni ya kina cha maji, t ikiwa ni saa zilizopita tangu maji yalipojaa. Kati ya 4.1 na 0.3 ni 2.2, hicho ndicho kina cha wastani. Kutoka hapo maji yanapanda na kushuka kwa 1.9, na mzunguko mmoja unachukua saa 12.42. Inakuwa y = 2.2 + 1.9 kos(2πt ÷ 12.42). Kila namba katika fomula hii ina mwenyewe, na mwanafunzi lazima aweze kumtaja mwenyewe huyo. Asiyeweza kusema 1.9 imetoka wapi amenakili.

Kisha swali lenyewe. Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani hufanya kazi maji yakiwa yametoka, wakiwa na vigingi vyao na kamba. Tuseme kazi inawezekana maji yakiwa chini ya mita 0.8. Mkulima ana muda gani? Tunaweka 0.8 mahali pa y, tunapata kosaini iwe sawa na hasi 1.4 gawa kwa 1.9, yaani hasi 0.737. Kosaini ikirudishwa nyuma kwenye kikokotoo tunapata t karibu 4.74, ambayo ni saa nne na dakika 45 baada ya maji kujaa. Hapo nusu ya darasa huweka kalamu chini. Wamepata jibu, wamelipigia mstari. Lakini jibu hilo linasema tu lini mkulima anaweza kuingia. Halisemi lini maji yatamtoa. Kikokotoo kinatoa jibu moja kwa sababu kosaini, ili iweze kurudishwa nyuma, imebanwa katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Jibu la pili analitafuta mtu kwa akili yake kwa kuutazama mkunjo: kwa kuwa pande zake mbili zinafanana, maji yatarudi kwenye 0.8 saa 4.74 kabla ya kujaa kunakofuata, yaani 12.42 toa 4.74, ambayo ni 7.68. Kutoka saa nne na dakika 45 hadi saa saba na dakika 41 ni muda wa saa mbili na dakika 56.

Swali linalofuata huwa fupi sana: ifanye kazi hiyo hiyo kwa siku ya maji mafu, maji yanapojaa hadi mita 2.8 tu na kupwa hadi mita 1.6. Wastani ni ule ule 2.2, kupanda na kushuka ni 0.6. Sasa kosaini inatakiwa iwe hasi 1.4 gawa kwa 0.6, yaani karibu hasi 2.33. Kikokotoo kinaandika kwamba kuna kosa. Wapo wanaokizima na kukiwasha tena, wapo wanaoazima cha jirani. Kumbe kosaini haishuki chini ya hasi moja hata siku moja, na kikokotoo kinasema kweli: mlingano huu hauna jibu. Kwa lugha ya pwani, maji hayatoki kiasi hicho, siku hiyo shamba la mwani halikanyagiki. Kila bibi wa Jambiani anayajua hayo bila ya kosaini. Kwangu mimi mwanafunzi anayeandika "hakuna jibu, kwa sababu maji hayafiki chini ya mita 1.6" amelifikia lengo la somo kuliko yule aliyekariri kanuni ishirini.

Huwa siishii hapo, ingawa muda hubana. Kwa nini kuna bamvua na maji mafu? Kwa sababu maji yanavutwa na mwezi, mzunguko wa saa 12.42, na pia yanavutwa na jua, mzunguko wa saa 12 kamili. Mawimbi mawili yenye mizunguko inayokaribiana yakijumlishwa, mara yanasaidiana, mara yanapunguzana. Na hapa ndipo ile kanuni ambayo wanafunzi huichukia, kos A + kos B = 2 kos((A + B) ÷ 2) × kos((A − B) ÷ 2), inapopata kazi. Tukijifanya kwamba mawimbi mawili yana nguvu sawa, ingawa la jua ni dogo zaidi, kosaini ya kwanza inatupa kujaa na kupwa kwa kawaida na ile ya pili inatupa ukubwa unaopanda na kushuka polepole. Bamvua moja hadi nyingine ni 12 mara 12.42 gawa kwa 0.42, karibu saa 355, ambazo ni siku 14 na robo tatu hivi. Ndiyo nafasi iliyopo baina ya mwezi kuandama na mwezi mpevu. Mwanafunzi makini ataona kwamba mzunguko wa kosaini ya pili, ukikokotolewa, si saa 355 bali ni mara mbili yake, na atauliza. Jibu ni kwamba kosaini ikifika moja au ikifika hasi moja ukubwa wa wimbi ni ule ule, kwa hivyo bamvua huja mara mbili katika kila mzunguko. Wakiniuliza swali hilo kabla sijalisema mwenyewe, siku hiyo hurudi nyumbani nimefurahi.

Kwa vipeo na logarithimu vitabu vingi hupenda mfano wa riba ya benki. Mimi huuacha. Si kwamba hesabu yake ina kasoro, ila wapo wanafunzi ambao riba kwao ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la hesabu, na sioni faida ya kuanzisha mjadala huo katikati ya somo la vipeo. Sensa inatutosha. Mwaka 2002 Zanzibar ilikuwa na watu 981,754, mwaka 2012 watu 1,303,569, na mwaka 2022 watu 1,889,773. Chukua miaka kumi ya mwisho: gawa idadi ya 2022 kwa ile ya 2012, unapata 1.4497, logarithimu yake asilia (ile ya msingi e, karibu 2.718) ni 0.3713, gawa kwa miaka 10, ongezeko ni asilimia 3.7 kwa mwaka. Tukiendelea kwa mwendo huo idadi itakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi? Logarithimu asilia ya 2 ni 0.693, gawa kwa 0.0371, ni miaka kama 18 na miezi minane. Jibu ni rahisi. Tarajio linaanza pale ninapowaambia wafanye hesabu hiyo hiyo kwa miaka kumi ya kabla yake. Wanapata asilimia 2.8. Kumbe mwendo haukuwa mmoja, na fomula yetu ilijengwa juu ya dhana kwamba ni mmoja. Nataka waandike sentensi mbili au tatu kuhusu jambo hilo, kwa maneno, si kwa alama. Na hapo ndipo kalamu zinapokuwa nzito.

Inafaa pia wajue kwamba logarithimu hazikuletwa kuwasumbua. John Napier alipozitangaza mwaka 1614 shabaha ilikuwa kupunguza kazi: kuzidisha kukawa kujumlisha, kugawa kukawa kutoa. Vijana wetu wengi wameshika majedwali ya tarakimu nne tangu sekondari na wametafuta ndani yake mamia ya namba, lakini ukiwauliza logarithimu ya 1000 ni ngapi bila kufungua jedwali, wanababaika. Ni 3, kwa sababu 10 hufika 1000 kwa kipeo cha 3. Logarithimu ni kipeo, hakuna siri nyengine.

Mfuatano wa namba na mikato ya koni ninavifundisha kwa sababu vimo katika muhtasari. Mfuatano una manufaa yake baadaye; mikato ya koni ningeipunguza hadi nusu kama ningeachiwa, na muda wake ningeupa trigonometria.

Nije kwenye muda, ambao ndio mzizi wa manung'uniko mengi. Katika mfumo wa vyuo vya nchi yetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, ni saa 8 kwa wiki. Darasani tunakutana nusu ya hizo, kwa hivyo nusu iliyobaki ni ya mwanafunzi na daftari lake. Wanafunzi hushtuka wanapoiona hesabu hiyo ubaoni, kwa kuwa walidhani kazi ya mwanafunzi inamalizika mwalimu anapofunga mlango. Najua hali zao. Kuna anayetoka Nungwi kwa daladala mbili, kuna anayerudi nyumbani akakuta wadogo zake wanamsubiri, kuna anayesomesha madrasa kila jioni, na mwezi wa Ramadhani saa zote hubadilika. Kwa hivyo siwadai saa nne za mkupuo. Dakika arubaini kila siku, pengine baada ya alfajiri kabla ya kelele za nyumba kuanza, zinashinda usiku mzima wa kuamkia mtihani, maana aljebra ni kazi ya mkono, na mkono unazoea kwa kurudia kidogo kidogo.

Vikundi vya majadiliano navikubali kwa sharti. Nimeviona vingi ambavyo mmoja anafanya na watano wananakili, kisha wote sita wanaleta karatasi zenye kosa moja mahali pamoja. Sharti langu ni kwamba yeyote nitakayemwita aje ubaoni aeleze kazi ya kikundi chake, na hachaguliwi yule aliyeifanya. Aeleze kwa Kiswahili, sina kipingamizi. Mtihani utamtaka aandike kwa Kiingereza, lakini mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoiotea ndoto hataweza kulieleza kwa lugha anayoitafutia maneno. Wenzangu wengine hawakubaliani nami kwa hili, wanasema ninawachelewesha. Huenda kweli wanachelewa wiki za mwanzo. Katikati ya muhula naona wanaandika sababu kamili badala ya kuacha mshale mtupu kati ya mstari na mstari.

Kuhusu alama, kazi za muhula zina 40 na mtihani wa mwisho una 60, na katika yote mawili sehemu kubwa ya alama iko kwenye njia. Jibu sahihi lisilo na njia halipati alama zote kwangu. Jibu lenye kosa dogo la kujumlisha, lakini lenye njia iliyonyooka na sababu zilizotajwa, hupata karibu zote. Wanaokuja na madesa ya miaka iliyopita, wamekariri jibu la swali la tatu na la tano, huona utaratibu huu ni uonevu. Mimi naona ndio unaomlinda yule aliyefikiri akateleza mwishoni. Na anayepata sapu, yaani mtihani wa marudio, asitarajie maswali mepesi zaidi; yatakuwa ya aina ile ile, namba zimebadilishwa.

Wapo pia wanaofaulu kwa alama za kutosha tu, wamekusanya hapa na pale, na aljebra yao bado ina matundu. Kanuni zinawaruhusu kuendelea, nami siwezi kuwazuia. Kila mmoja wao humwita pembeni nikampa kazi ya likizo: afanye (1 ÷ (x + h) − 1 ÷ x), yote hiyo igawiwe kwa h, na arahisishe mpaka isiweze kurahisishwa tena. Afanye leo, aifanye tena wiki ijayo bila kutazama alichoandika leo, kisha abadilishe 1 iwe 5, na x iwe x + 2. Akiweza kufika kwenye hasi 1 ÷ (x(x + h)) bila kufungua daftari, na akaweza kuniambia kwa nini h haikuruhusiwa kuwa sifuri hadi mstari huo, na aende kwa mwalimu wa kalkulasi. Kwangu hana tena anachokidai.